Mbio za sikukuu Mtwara: wahini kabla ya jua

Mzazi anayetaka kukimbia na watoto asubuhi ya sikukuu, tuseme 9 Desemba, huanza kuuliza kilomita ngapi. Mtwara, la kuuliza kwanza ni saa ngapi. Mji huu uko mashariki kabisa mwa nchi, jua la Desemba huwahi, na ikigonga saa tatu lami inaunguza na hewa imejaa unyevu. Anzeni saa kumi na mbili kamili.

Korosho Marathon imewazoesha watu wa hapa kuona barabara imejaa fulana za mbio, kwa hiyo hamtashangaliwa. Kwa watoto chagueni Shangani, kando ya ufukwe, kuna upepo. Kilomita mbili zinatosha, na mdogo kuliko wote ndiye apange mwendo (kaka zake watanuna, waacheni). Mikindani, kama kilomita 10 kutoka mjini, ni ya wakubwa. Wengine tangulieni kwa gari mkawapokee pale Boma la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1895.

Mwangalieni mtoto usoni. Aliyezidiwa na joto mara nyingi halalamiki, hunyamaza tu. Akisema kichwa kinauma au anayumba, mbio zimeisha: kivulini, vua fulana, mlowesheni maji, mpeni maji anywe kidogokidogo. Asipopata nafuu upesi, au akianza kuweweseka, mpelekeni hospitali.

Baada ya hapo ni dafu na mihogo. Mwenye usafiri anaweza kuendelea hadi Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Huko watoto watakimbia tena mchangani, bila kuambiwa.