Kabla Hujaomba Kibali, Omba Msamaha

Leo nina ushuhuda, lakini si ule wa kupiga vigelegele. Mwanzo wake una aibu, na aibu hiyo ni yangu.

Wengi wenu mnamkumbuka mama yetu aliyekuwa akisimamia jikoni kila tulipokuwa na mkutano. Alipatwa na kiharusi. Hospitali ilifanya kazi yake, ikamtuliza presha, na baada ya wiki mbili daktari akasema anaweza kurudi nyumbani. Nyumbani ni wapi, mpendwa? Chumba kimoja, ghorofa ya tatu, Mishomoroni, choo cha kuchuchumaa mwisho wa ukumbi, wapangaji sita wakikitumia. Binti yake anatoka saa kumi alfajiri kwenda kukaanga viazi karai barabarani, maana asipotoka hakuna kodi.

Vijana wetu walimpandisha ngazi mama yule akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki. Tukaomba, tukapiga picha, nikaiweka hapa hapa kwenye ukurasa huu. Mliandika Amina nyingi sana. Kisha tukashuka ngazi.

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anatakiwa ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku, la sivyo ngozi inaoza pale mifupa inapokandamiza godoro. Hilo nililijua baadaye. Tulipompandisha wakati mwingine, mama alikuwa na kidonda mgongoni ambacho ngumi yangu ingeingia. Hakukaa sana. Tulifanya harambee ya siku tatu, tukausafirisha mwili hadi kwao bara, kwa gari zuri na jeneza zuri. Nilipokaa na mweka hazina tukahesabu, fedha tulizochanga kumzika zingemlipa mtu wa kumgeuza kwa miezi mingi.

Nikarudi kwenye Luka 10. Nimehubiri habari ya Msamaria mwema mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara namaliza pale anapofunga majeraha na kumwaga mafuta na divai. Sikuwahi kukaa kwenye maneno yanayofuata. Msamaria alimpandisha yule mtu juu ya mnyama wake, akampeleka kwenye nyumba ya wageni, akamhudumia. Kesho yake akatoa dinari mbili kwa mwenye nyumba na kuahidi kurudi kulipa zaidi ikipungua. Kwa hiyo palikuwa na nyumba, palikuwa na kitanda, palikuwa na mtu aliyebaki na mgonjwa Msamaria alipokwenda safari yake. Sisi tulikuwa na mafuta na divai. Nyumba hatukuwa nayo.

Basi tukaamua kutafuta nyumba ya wagonjwa wanaotoka hospitali lakini bado hawajaweza kujitegemea. Si hospitali, si ya kupasua watu. Ni vitanda, muuguzi, mtu wa kunyoosha viungo, chakula na wa kumgeuza mgonjwa usiku.

Ndugu mmoja alitutolea nyumba yake ya kwanza kabisa, Mungu ambariki. Lakini unajua mambo ya Kisauni. Nyumba ni yake, ardhi si yake. Analipa kodi ya ardhi kama baba yake alivyolipa, na hati iko kwa mtu mwingine. Huwezi kuomba kubadilisha matumizi ya ardhi ambayo si yako. Familia nyingine ikajitokeza na nyumba si mbali na Kengeleni, haina ghorofa, ina vyumba vitano na hati miliki. Tukashangilia. Nikadhani kazi imekwisha.

Sikiliza nikufundishe nilichofundishwa, maana wengine wenu mna maono kama haya. Nyumba ikiwa imeandikishwa kuwa ya makazi, huwezi tu kuleta vitanda na kuita wagonjwa. Kuna Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Unatafuta mpangaji wa miji aliyesajiliwa, anakuandalia maombi kwenda kaunti, unaonyesha hati na kwamba umelipa ada za ardhi. Kisha unatoa tangazo kwenye gazeti na kubandika jingine pale penye ploti, ili kila jirani ajue unataka kufanya nini. Majirani wanapewa siku 14 kuandika maoni au pingamizi. Kaunti inatakiwa ijibu ndani ya siku 60, na inaweza kukubali, kukataa, au kukubali kwa masharti.

Tukabandika tangazo getini. Nikaondoka nikiimba. Siku ya tisa mpangaji wetu akanipigia simu: kuna barua, na imetiwa sahihi na watu 11.

Barua ilikuwa na mambo manne. La kwanza, maji taka. Hapa kisauni hatuna mabomba ya maji machafu kama sehemu za mji, kila nyumba ina shimo lake, na wengi wanachota kwenye visima. Wagonjwa kumi watafulia wapi, wataoga wapi, maji yataelekea kisima cha nani? La pili, takataka za hospitali: sindano, bandeji, moshi wa kuchoma. La tatu, maiti kutoka usiku na vilio mbele ya watoto. La nne nilisoma mara mbili. Waliandika kwamba kanisa hili limewanyima usingizi kila Ijumaa kwa miaka, spika zimeelekezwa nje, na walipokuja kulalamika waliambiwa wanapigana na Mungu. Sasa wakipewa nyumba karibu nasi zaidi, tutalala lini?

Unafikiri nilifanya nini? Jumapili nilipanda madhabahuni nikahubiri Nehemia. Nikawataja Sanbalati na Tobia, wapinzani wa ukuta. Nikatangaza kufunga siku tatu kuvunja pingamizi. Kanisa lilitetemeka.

Baada ya ibada, mama mmoja mzee, wale wanaokaa kiti cha nyuma na hawaombi maikrofoni, akanishika mkono. Akasema, "Pasta, mwanangu, wale si Sanbalati. Wale ni watu ambao hawajalala."

Sikula vizuri siku hiyo, na haikuwa kwa sababu ya kufunga.

Nikarudi kwa Nehemia mwenyewe, nimsome bila hasira. Nikaona mambo mawili niliyoyaruka. Kabla ya kujenga, aliomba barua za ruhusa kwa mfalme, hakudharau karatasi. Na kabla ya kusema neno kwa watu, alitoka usiku akazunguka kuta aone kwa macho yake palipobomoka. Mimi nilikuwa nimeleta karatasi, lakini sikuwa nimezunguka. Miaka yote hiyo mtaani, sikujua jina la mtu aliyeandika barua ile, na geti lake linaonekana kutoka mlangoni pa kanisa.

Jumanne nikaenda. Nikapiga hodi. Ni mzee wa Kiislamu, mstaafu. Nikamwambia shikamoo, akaitikia, akanitazama kidogo, akasema karibu. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari za nyumba. Yaliyotoka kinywani ni haya: "Mzee wangu, nimekuja kuomba msamaha kwa kelele." Akanyamaza. Kisha akaita kahawa.

Tulizungumza saa mbili. Akanipeleka nyuma ya nyumba akanionyesha kisima, akahesabu hatua kutoka hapo hadi lilipo shimo la choo la nyumba yetu. Mpendwa, hatua zile zilikuwa chache. Mzee hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na kisima. Laiti tungefungua bila kumsikiliza, wagonjwa wetu wangetumwagia uchafu kwenye maji ya wajukuu wake, nasi tungekuwa tunaimba.

Mwishoni akauliza lile ambalo halikuandikwa kwenye barua. "Pasta, mgonjwa wetu akilala pale, mtambatiza?"

Nikamjibu kwamba mgonjwa atasali anavyosali kwao. Atakayetaka kuombewa ataomba mwenyewe. Atakayetaka kuelekea kibla ataelekezwa kitanda, na chakula kitakuwa cha halali kwa wote. Niliporudi kanisani na maneno hayo, wengine wenu mlikasirika. Mkaniuliza tunajenga nyumba ya kina nani. Nami nawauliza: Msamaria alimuuliza yule aliyelala njiani anaabudu mlima gani? Uadui wa Wayahudi na Wasamaria ulikuwa wa ibada hasa, na Yesu alichagua mfano huo akijua.

Ukipita Kengeleni, simama dakika moja uitazame ile kengele. Mwaka 1875 wamishonari wa CMS walianzisha Freretown hapa, kijiji cha kupokea watu waliokombolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Walishuka wamekonda, wana vidonda, hawana ndugu wala lugha moja. Mbele kidogo, Bombolulu, tangu 1969 kuna karakana ambapo watu wenye ulemavu wanafanya kazi kwa mikono yao. Mtaa huu umewahi kuwapokea waliovunjika. Sikuwa naleta jambo geni. Nilileta jambo la zamani kwa njia ya jeuri.

Tukabadilisha ramani. Shimo likahamishwa upande wa pili, likawa tangi lililozibwa lenye vyumba. Tukaandika kwamba takataka za matibabu zitachukuliwa na mwenye leseni, hazitachomwa pale. Spika za nje za kanisa tulizishusha kabla kaunti haijasema lolote, na kesha sasa ni la ndani. Mbingu bado zinasikia, nimehakikisha.

Majibu yamekuja. Tumekubaliwa, kwa masharti: vitanda visizidi 10, tangi likaguliwe, magari yaegeshwe ndani. Bado tuna leseni ya afya na mambo ya mazingira kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia, na hatutaingiza mtu mlango wa nyuma. Wengi waliotia sahihi waliondoa pingamizi. Jirani mmoja hakuondoa. Tunasalimiana, lakini hataki, na sheria inampa siku 14 kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti. Nilimwambia hivyo mimi mwenyewe, kwa sababu ni haki yake. Usimwombee mabaya. Mwombee usingizi.

Mpendwa, huenda wewe huombi kibali cha kaunti. Unaomba kazi, ndoa, kiwanja, mlango ufunguke. Umefunga, umekemea, umetaja majina ya wapinzani wako mbele za Mungu. Hebu usome tena barua yao. Pengine mistari mitatu ni hofu unayoweza kuijibu kwa karatasi, na mstari wa nne ni kweli tupu juu yako. Si kila pingamizi ni shetani. Mengine ni jirani aliyebisha mlango wako zamani ukamfungia.

Wiki hii usinitumie Amina kwanza. Panda ngazi kwa mgonjwa unayemjua, uliza nani anamgeuza usiku, ukae zamu moja. Kisha piga hodi kwa jirani usiyemjua jina.

Baba, tusamehe kwa mama tuliyemwacha ghorofa ya tatu. Mfariji binti yake. Utupe nyumba, na utupe kuwa majirani wanaostahili kupewa nyumba. Katika jina la Yesu, Amina.