Siku Mbili Chini ya Mlima Elgon: Kutoka Kitale hadi Bungoma kwa Baisikeli



Tulipomweleza mama yetu kwamba tumenuia kwenda Kitale, na kutoka huko kushuka hadi Bungoma kwa baisikeli, alikiweka chini kikombe chake cha kahawa na kutuuliza swali moja tu: "Kwani magari yamekwisha?"

Tulikuwa wanne: dada wawili, kaka yetu, na mwanawe wa miaka 15. Magari hayakuwa yamekwisha. Ila marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, katika ujana wake alifanya biashara ya kofia, mikeka na tende huko magharibi, na njia hiyo aliipita mara nyingi juu ya baisikeli nzito ya Black Mamba, mzigo ukiwa umefungwa kwenye keria. Alikuwa akitwambia kuwa alilala katika nyumba za watu asiowajua, na hakuna usiku hata mmoja alioulizwa kabila lake. Mama, kwa upande wake, alikuwa na kumbukumbu nyingine. Yeye aliyakumbuka ya mwanzoni mwa mwaka 2008, watu walipochinjana kwa sababu ya kura, na zile habari za vita vya ardhi katika Mlima Elgon. Baina ya maneno ya baba na hofu ya mama, sisi tulikuwa hatuna letu wenyewe la kusema. Ndiyo maana tukaenda.

Mama alituruhusu kwa masharti matatu: kaka yetu asituache, sala zisitupite, na usiku usitukute njiani. Tulikubali yote matatu. Alhamdulillahi, tulitimiza mawili na nusu.

Tulifika Kitale kwa basi mwezi wa Agosti 2024, wakati wa likizo ya shule, baisikeli zetu zikiwa ndani ya buti. Jambo la kwanza lililotupokea ni baridi. Kitale iko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,900, na mtu aliyezoea kulala kwa feni hapo hutafuta blanketi la pili. Upande wa mashariki mtu huona milima ya Cherangani, na upande wa magharibi Mlima Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba. Kilele chake kirefu kuliko vyote, chenye mita 4,321, kiko upande wa Uganda. Si mlima uliochongoka. Ni mpana, umejilaza kama mtu aliyejifunika shuka, na asubuhi nyingi wingu huufunika kabla ya watu kumaliza chai.

Nchi hii ndiyo ghala ya mahindi ya Kenya. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, wakati mashamba makubwa yalikuwa mikononi mwa walowezi wa Kizungu, na shirika la mbegu ambalo wakulima wengi wa Kenya hununua kwake lilianzishwa papa hapa mwaka 1956. Siku moja kabla ya safari yetu tulikwenda Saiwa, mbuga ya taifa iliyo ndogo kuliko zote nchini, yenye eneo la kilomita 3 hivi za mraba tu. Ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, paa wa majini mwenye kwato ndefu zilizotanuka ili asizame katika matope. Hakuna gari liingialo. Mgeni hutembea kwa miguu juu ya vijia vya mbao. Tulikaa kimya zaidi ya saa nzima hata tukamwona mmoja, amesimama ndani ya maji hadi tumboni, akila majani. Subhanallah! Kila kiumbe amepewa miguu ya mahali pake.

Jumatano, baada ya sala ya Alfajiri, tulifunga mizigo. Kila mmoja alikuwa na nguo za kubadili, koti la mvua, msala, na chupa mbili za maji. Kaka akachukua pampu, viraka vya pancha na bisibisi. Sisi wanawake tulivaa suruali pana, kanzu ndefu iliyopasuliwa pembeni, na mitandio iliyobanwa vyema. Buibui tuliyakunja ndani ya mfuko, kwani buibui na cheni ya baisikeli havipatani, nasi tulijifunza hilo mitaani kwetu kabla ya kusafiri.

Wasomaji wengine watauliza kuhusu watu wa njiani walivyotutazama. Walitutazama, naam, lakini kwa mshangao wa wema. Watu wa magharibi wanaijua baisikeli kuliko sisi. Neno bodaboda, ambalo leo tunalitumia kwa pikipiki hadi Lamu, lilizaliwa huko huko magharibi, katika mpaka wa Busia, katika miaka ya 1960, kwa vijana waliokuwa wakibeba abiria kwa baisikeli kutoka mpaka hadi mpaka. Mzee mmoja hapo Kiminini alitukagua, akagonga tairi zetu kwa kidole, akasema kwa utulivu, "Hizi ni nyembamba. Lakini Mungu yupo."

Bungoma iko chini ya Kitale kwa karibu mita 500, nasi tulikuwa tumejidanganya kwamba safari nzima itakuwa ya kuteremka. Tulisahau mito. Maji yote yatokayo Elgon upande huu hukimbilia Mto Nzoia na hatimaye Ziwa Viktoria, na kila mto umejichimbia bonde lake. Basi ukishuka kwa raha, upepo ukikupiga usoni, ujue chini kuna daraja, na ng'ambo ya daraja kuna kilima cha kulipia raha ile. Tulishuka na kusukuma, tukashuka na kusukuma, katikati ya mahindi mabichi yaliyopita urefu wa mtu.

Huko mvua za Agosti hupenda kuja mchana. Saa nane mbingu ikawa nyeusi, na hatujafika mbali kupita Kamukuywa. Cheni ya baisikeli moja ikakatika mlimani, na matone ya kwanza yakaanguka makubwa kama sarafu. Mama mmoja aliyekuwa akianua nguo alituita kwa mkono kabla hatujamwomba lolote. Tukaingia kwake, baisikeli na vyote. Mvua ilipopungua, kaka na mwanawe wakaichukua cheni wakaenda kumtafuta fundi sokoni. Hapo ndipo sharti la kwanza la mama yetu lilipovunjika nusu.

Mwenyeji wetu alikuwa mjane, Mkristo, mwenye wajukuu watatu. Alitupa chai ya maziwa na viazi vitamu, kisha akatoka nje, akarudi na kuku mkononi na kisu.

"Najua Waislamu hamli kuku wetu," alisema. "Hapa kwetu tukiwa na sherehe, huita Mwislamu achinje, ili wote wale sahani moja. Basi chinjeni."

Tulitazamana. Nyumbani kazi hiyo ni ya wanaume. Sisi hatujawahi kushika kisu kwa kusudi hilo. Lakini tulilelewa katika madrasa, na tulijua kwamba kichinjo cha mwanamke Mwislamu ni halali, akitaja jina la Mwenyezi Mungu na kukata panapostahiki. Tukauliza kaskazini ni upande gani. Mombasa jambo hilo halina taabu, kwani Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja kwetu. Kitale na Bungoma kibla huegemea kidogo mashariki. Lakini jua lilikuwa limefichwa, na simu zetu zilikuwa zimezimika. Mjukuu wake, mtoto wa kike wa miaka 7 au 8, akaonyesha wingu zito lililotanda juu ya mahindi, akasema, "Mlima uko pale." Hatukuuona mlima, lakini tulimwamini. Tukauweka mlima kushoto kwetu, tukaelekea kibla, na dada mkubwa akasema, "Bismillahi, Allahu Akbar."

Tulisali Adhuhuri na Alasiri papo hapo, kwa kukusuru na kujumuisha, kama ilivyo ruhusa ya msafiri. Mwenyeji alikuwa amefagia chumba na kuwatoa wajukuu nje ili tupate utulivu.

Chakula kilipoiva kaka yetu alikuwa amesharudi. Katika mila za Waluhya firigisi ni heshima ya mwanamume, mwenye nyumba au mgeni mkubwa, na zamani wanawake hawakula kuku kabisa. Yule mama alilichota firigisi, akampita kaka yetu, akalitia katika sahani ya dada mkubwa. "Aliyechinja ndiye mwenye kula," alisema, na kicheko kikaijaza jiko.

Giza lilikuwa limekaribia, basi akatulaza. Usiku alitwambia habari yake. Mwaka 2007 aliishi juu zaidi, katika miteremko ya Elgon, ambako ugomvi wa viwanja vya makazi uliwafanya majirani kuchukua silaha. Alikimbia na watoto na sufuria moja. Kwa miezi mingi alilala kwa watu, wengine wa kabila lake na wengine wa kabila la wale aliowakimbia. "Tangu siku hiyo," alisema, "mtu akinyeshewa mlangoni kwangu simwulizi anatoka wapi." Tulinyamaza. Alikuwa ametamka maneno ya baba yetu, naye hakupata kumjua.

Kabla hatujalala tulisikia kengele za chuma zikikaribia barabarani, pamoja na filimbi na nyimbo. Kwa Wabukusu, Agosti ya kila mwaka wa shufwa ni mwezi wa tohara. Mvulana hugonga kengele mbili ziitwazo chinyimba juu ya bangili zake, akizunguka kuwaalika jamaa, hasa wajomba zake. Na alfajiri ya siku yenyewe hupakwa matope ya mtoni, akasimama wima mbele ya watu, bila kupepesa jicho. Mpwa wetu, ambaye alitahiriwa angali mtoto mchanga, alisimama mlangoni akitazama wavulana wenzake wakipita. "Wao watakumbuka," alisema. Hatukujua kama alikuwa akiwahurumia au akiwaonea wivu.

Asubuhi tuliaga. Tulitaka kuacha fedha kidogo. Mama yule aliikunja mikono nyuma. Tukapita Kimilili, kisha Chwele penye soko kubwa la mboga, vitunguu na ndizi, na migomba na kahawa zikashika nafasi ya mahindi. Kadiri tulivyoshuka ndivyo joto lilivyorudi. Jambo lililotushangaza ni kwamba mahindi ambayo Kitale yalikuwa mabichi, karibu na Bungoma yalikuwa tayari yameanikwa uani juu ya maturubai. Saa kumi alasiri tuliingia mjini kupitia Kanduyi, matope yakiwa yamekauka hadi magotini, miwa ikiyumba pembezoni.

Ijumaa tulisali Bungoma. Baada ya sala, katika upande wa wanawake, bibi mmoja mkongwe alitushika mkono na kuuliza tutokako. Asili yake ni Mumias, mji ulio kusini ya Bungoma, ambao katika karne ya 19 ulikuwa kituo cha misafara ya watu wa pwani. Wazee wetu walifika huko kutafuta pembe za ndovu, na tusifiche, watumwa pia. Lakini pamoja na hayo Uislamu ukaingia, na watu wa nyumba ya Nabongo Mumia wakasilimu. Bibi alijua kuwa hatuna haraka, akasema polepole: "Dini mlituletea nyinyi. Lakini hamji kututazama. Mtoto wangu akifa, jamaa wa pwani husikia baada ya mwaka."

Hatukuwa na jibu. Kwetu tumezoea kusema "watu wa bara" kana kwamba bara haina ndugu zetu. Tunaandika haya ili nawe msomaji ulisikie neno lake kama tulivyolisikia.

Kwa atakayetaka kuifuata njia hii: aende na mahram wake au kundi la kuaminika, aanze safari mapema na ajisitiri kabla ya saa nane, kwa sababu ya mvua, achukue cheni ya akiba, maana mafundi wapo lakini si kila kilima, na aulize kibla kabla wingu halijaufunika mlima. Chakula hakitampa shida. Mayai, viazi, maharagwe, mrenda na ugali wa wimbi vipo kila mahali, na akialikwa kuku, asione haya kuomba kisu.

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tulirudi Mombasa, tukamhadithia mama yote, hata nusu ya sharti lililovunjika. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na huyo mama aliyewalaza, mmempelekea nini?"

Tukakiri kwamba bado.

Aliinuka, akaingia chumbani, akatoka na mkeka mpya alioushona mwenyewe na pakiti mbili za tende. Wiki hiyo hiyo mzigo ukapanda basi la Kitale, ukiwa na jina la yule mama na maneno "ushushwe Kamukuywa". Wa Bungoma, yule bibi, hatutamtumia mzigo. Tumemwahidi kwenda wenyewe, inshallah, na safari hii mama amesema atakuja pia, ila yeye atapanda gari.

Wabillahi tawfiq.