Fedha ya Ardhini

Nilipompigia baba simu kutoka Guanajuato mara ya kwanza, hakuuliza habari za baridi wala chakula. Aliuliza, "Huko wanachimba nini?" Nikamjibu kwamba mji ule ulijengwa kwa fedha. "Fedha gani, ya mfukoni au ya ardhini?" Nikacheka, nikamwambia ya ardhini. Baba amechimba shaba na kobalti kule Kolwezi tangu kabla sijazaliwa. Kwake mji wowote duniani ni shimo kwanza, nyumba baadaye.

Nilikwenda Meksiko kusoma muhula mmoja, na nilidhani nikirudi nitaandika juu ya rangi tu, maana rangi ndizo zinazokupokea. Guanajuato umekaa kwenye bonde jembamba, kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na nyumba zake zimepanda milima pande zote, moja juu ya bega la nyingine: manjano, waridi, buluu, zambarau, kijani cha limau. Mimi natoka mahali ambapo vumbi jekundu huzipaka nyumba zote rangi moja kila kiangazi. Nilisimama kichochoroni nikashangaa, mpaka sauti nyuma yangu iliponiomba njia. Alikuwa mzee aliyebeba mtungi wa gesi begani. Vichochoro vingi ni ngazi tupu, gari halipiti, kwa hiyo anayekaa juu hupandishiwa vitu kwa mgongo wa mtu.

Magari mengi yako chini ya ardhi. Zamani mto ulipita katikati ya mji, ukafurika mara nyingi, na mafuriko ya mwaka 1905 yaliua watu. Mto ukageuziwa njia nyingine, na katika miaka ya 1960 mkondo wake wa zamani ukafanywa barabara. Unashuka ngazi kutoka kwenye bustani yenye maua na wapiga muziki, unajikuta ndani ya handaki la mawe ukisubiri basi. Wiki ya kwanza nilipotea humo mara mbili, na mara zote mbili nilitokea mahali nisipopajua, mbele ya kanisa.

Sasa chakula. Mama aliyenipangisha chumba alinipikia enchiladas mineras, yaani za wachimba migodi. Ni chapati nyembamba za mahindi, zinachovywa kwenye mchuzi wa pilipili kavu nyekundu, zinakaangwa, zinajazwa jibini na kitunguu, kisha juu yake anamwaga viazi na karoti vilivyokatwa vidogo vidogo. Zinashibisha kweli. Nilimwambia kwamba kwetu pia tunakula mahindi kila siku, ila tunayafanya bukari. Akaniuliza kama tunayachemsha na chokaa kabla ya kuyasaga. Nikasema hapana. Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyesikia kwamba kwetu hatuna chumvi. Siku iliyofuata alinipeleka kwenye soko la Hidalgo, jengo la chuma na vioo lililofunguliwa mwaka 1910, linalofanana na kituo cha treni kuliko soko, ili nione unga wenyewe.

Mambo ambayo kila mgeni hufanya, nami niliyafanya. Nilikwenda kwenye Kichochoro cha Busu, ambako roshani mbili zinakaribiana kiasi kwamba wapenzi wa hadithi ya kale waliweza kubusiana kila mmoja akiwa kwake. Watu wanapanga foleni kupiga picha; kwangu ilikuwa foleni ndefu kwa jambo dogo. Niliona nyumba alimozaliwa mchoraji Diego Rivera mwaka 1886. Usiku niliwafuata wanafunzi waliovaa majoho meusi ya kizamani, wakizunguka vichochoroni na magitaa, wakiimba na kutania watu, nasi umati tukiwafuata nyuma kama harusi.

Ila miguu yangu ilikuwa inarudi migodini. Juu ya mji, pale Valenciana, kuna kanisa la San Cayetano lililokamilika mwaka 1788. Ndani, madhabahu zake zimefunikwa dhahabu kutoka chini hadi juu. Karibu yake ni mgodi uliomtajirisha mwenye kanisa, mmojawapo wa migodi ya fedha iliyokuwa tajiri kuliko yote duniani katika karne ya 18. Wageni huvaa kofia ngumu na kushuka ngazi za mdomo wa mgodi wa zamani. Wenzangu walikuwa wakicheka na kupigana picha. Mimi nilisikia harufu ile, ya jiwe lenye maji, ambayo baba huja nayo nyumbani kwenye shati lake, nikakaa kimya.

Mchimbaji mmoja ana sanamu kubwa juu ya kilima, na treni ndogo ya kuvutwa kwa kamba inakupandisha hadi kwake. Anaitwa El Pípila. Inasimuliwa kwamba mwaka 1810, vita vya uhuru vilipoanza, Wahispania walijifungia ndani ya ghala kubwa la nafaka, naye akajifunga bamba la jiwe mgongoni ili risasi zisimpate, akatambaa hadi mlangoni na kuutia moto. Chini ya sanamu pameandikwa kwamba bado yako maghala mengine ya kuchoma. Nilipiga picha maneno hayo nikamtumia baba. Alijibu kwa neno moja: "Mgongo."

Kisha kuna makumbusho ya maiti zilizokauka, momias. Kila kitabu cha watalii kinakuambia usiondoke bila kuziona. Zamani familia zilitakiwa kulipia makaburi ya ndugu zao, na zisipolipa maiti ilitolewa. Kuanzia mwaka 1865 wakaona kwamba baadhi ya maiti hazikuoza bali zilikauka, ngozi na yote, nyingine zikiwa bado na nguo na viatu. Zikahifadhiwa. Utoaji huo uliendelea hadi mwaka 1958. Leo ziko ndani ya vioo, na nje wanauza pipi za sukari zilizosokotwa kwa umbo la maiti hizo.

Wenzangu waliingia. Mimi nilibaki kwenye ukuta wa makaburi na chupa ya maji.

Nilipokuwa darasa la tano, kampuni moja ilitaka eneo lenye makaburi ya mtaa wetu. Tulipewa muda wa kuhamisha wafu wetu. Wenye pesa za jeneza jipya na lori walihamisha mapema. Sisi tulingoja baba auze magunia yake. Tulipofika, siku mbili kabla ya mwisho, safu ya babu ilikuwa imeshasawazishwa na mashine. Baba aliinama, akachota udongo pale alipokadiria, akautia kwenye mfuko wa unga. Huo ndio tuliouzika. Msalaba uko juu ya mfuko ule mpaka leo.

Wenzangu walitoka baada ya nusu saa. Wawili walikuwa wakicheka, mmoja hakusema kitu mpaka tulipofika mjini.

Jioni nilimweleza baba kwenye simu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Hizo familia walizitoza kiasi gani kwa kaburi?"

Nikasema sijui.

"Na kuingia kuwaangalia wanatoza kiasi gani?"

Hicho nilikijua, nikamtajia. Alikaa kimya, nikasikia redio ya jirani yetu na mbwa wa mtaani. Kisha akaniuliza kama nimeshakula.