Gari lisilo na shasi



Mafundi wa kwetu huyagawa magari katika jamii mbili. Jamii ya kwanza ni magari yenye shasi, kama vile malori na Land Cruiser: chini kuna ngazi ya chuma kinene, na bodi imefungwa juu yake kwa bolti. Ukiing'oa bodi yote, injini na magurudumu hubaki vimesimama mahali pake. Jamii ya pili ni magari yasiyo na shasi. Humo sakafu, vizingiti vya milango, nguzo na paa vimeunganishwa kwa maelfu ya nukta za kuchomelea, na mabati hayo membamba, kwa kushikana tu, ndiyo yanayobeba injini, abiria na mizigo. Toyota RAV4 iliyoanza kuuzwa mwaka 1994 ni ya jamii hii ya pili. Kwa macho ni gari la porini. Kwa mifupa ni gari dogo la mjini lililoinuliwa.

Gari moja la namna hiyo limewagawa vijana wetu hapa Marabo kwa majuma kadhaa, na neno lake limeletwa kwangu zaidi ya mara moja baada ya misa. Mwenye gari ni fundi kijana, mwanachama wa kikundi chetu. Alilinunua Bunia likiwa limekufa, akalifufua kwa miaka miwili, kipuri kwa kipuri. Tangu hapo, mgonjwa akizidiwa usiku, mlango unaobishwa hodi ni wake. Limewapeleka akina mama wa uzazi katika hospitali ya Nyankunde, wakiwa wamelala kwenye kiti cha nyuma, na malipo mara nyingine yamekuwa debe la maharagwe baada ya mavuno.

Kijana huyu ameona katika simu yake mchezo uitwao otokrosi, akaupenda kwa moyo wote. Kwa namna anayoitamani yeye, ni kozi fupi iliyochorwa uwanjani, yenye kona nyingi kuliko sehemu zilizonyooka, na dereva hushindana na saa, si na gari lililo ubavuni mwake. Nchini Kenya huchezwa kwenye udongo. Nchini Marekani huchezwa kwenye viwanja vya lami vya kuegeshea magari, kati ya koni za plastiki, na kila koni inayoangushwa humwongezea dereva sekunde 2. Alitaka kuigeuza RAV4 yake iwe ya mchezo huo: kung'oa viti, kupunguza uzito, kuweka springi ngumu, kufunga kizimba cha mabomba ndani. Aliomba kikundi kimsaidie kutoka katika fedha za matofali tuliyofyatua mwaka jana.

Wengine walisema huu ni mchezo wa matajiri, na kwamba kanisani hatufyatui matofali kwa ajili ya vumbi. Wengine walijibu kwamba katika mkoa ulio chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, anayemwita kijana asiye na kazi si kila mara anamwita kushika spana, na basi heri garaji yenye kelele kuliko kijiwe chenye kimya. Nawaambia wazi kwamba hoja hii ya pili ilinigusa. Nimewafundisha katekisimu vijana ambao leo siwezi kusema wako wapi.

Wala si kweli kwamba mchezo wa magari ni wa wenye mali pekee. Safari ya magari ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 aliyeshinda alikuwa fundi wa magari kutoka Kenya, Kalasinga Joginder Singh, pamoja na ndugu yake Jaswant. Gari lao, Volvo PV544, lilikuwa limekwisha kutumiwa na wengine. Wao walilitengeneza upya kwa mikono yao. Nalo pia lilikuwa gari lisilo na shasi! Joginder alishinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976 akiendesha Mitsubishi Lancer, lakini sifa ninayoiheshimu zaidi ni nyingine: kati ya safari 22 alizoanza, alizimaliza 19. Katika miaka ya 1963 na 1968 magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Mtu wa namna hiyo hakuwa na mwendo tu. Alijua gari lake linavumilia nini.

Basi tulikutana garajini, nami nikachukua sanduku tupu la viatu. Ualimu ni ugonjwa usiopona. Nikawaambia walikunje likiwa limefungwa kwa gundi pande zote: halikukunjika. Nikakata dirisha upande mmoja, kisha upande wa pili, wakalikunja kama kitambaa. Ndivyo ilivyo RAV4. Ukikata nguzo ili mlango uwe mwepesi, au ukitoboa kizingiti ovyo, udhaifu haukai pale ulipokata. Utausikia kwenye kioo kinachopasuka chenyewe na kwenye mlango unaokataa kufunga. Mtume Paulo, katika sura ya 12 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, alichagua mfano wa mwili ili kueleza Kanisa. Binti mmoja wa kwaya aliniuliza kama gari lenye shasi lingekuwa mfano mbaya. Nilimwambia ndiyo, kwa kuwa pale bodi inaweza kuoza na shasi isijue.

Tulipoinua gari kwa jeki, tuliona jambo ambalo kelele za mkutano zilikuwa zimelificha. Kizingiti cha kushoto kilikuwa kimeliwa na kutu, bisibisi ikapenya kama ndani ya andazi. Amotisa mbili za nyuma, ambazo jirani zetu wa Uganda na Kenya huziita shokapu, zilikuwa zimekwisha mafuta. Gari hilo lilikuwa likipita barabara ya taifa namba 27 usiku na mama mwenye uchungu.

Hapo mjadala ulitulia wenyewe, maana kazi ya kwanza ya gari la mashindano na kazi ya kwanza ya gari la wagonjwa ni ileile: kutu iondolewe, bati jipya lichomelewe vizuri, breki zishike sawasawa pande zote, amotisa na tairi ziwe nzima. Fundi wetu alitoa waya wa betri kabla ya kuchomelea, asiunguze vifaa vya umeme, akachomelea vipande vifupi vifupi na kuacha chuma kipoe, kwa sababu bati jembamba likipata moto mwingi hupinda. Alifunga pia fimbo ya chuma mbele, kutoka kichwa cha amotisa cha kulia hadi cha kushoto, ili bodi isicheze konani. Wanamichezo hufanya hivyo. Mgonjwa naye hakulipia hasara yoyote.

Njia ziliachana kwenye kizimba. Gari refu na jembamba hupinduka kwa urahisi konani, na kanuni za Marekani huyazuia magari ambayo kimo chake kimeuzidi mno upana wa magurudumu. Anayetaka kukimbia na gari la kimo hiki kwenye udongo wenye mitaro anahitaji mabomba yanayomzunguka, yaliyosimama juu ya vibao vya chuma ili yasitoboe sakafu, na mkanda wa kweli, na kofia ngumu. Lakini mabomba hayohayo ni hatari kwa asiyevaa kofia. Kichwa cha abiria wa kawaida kikigonga bomba katika ajali ndogo, kitaumia kuliko kama bomba lisingekuwapo. Na mama wa uzazi hatumvishi kofia ya mbio. Gari moja haliwezi kuwa yote mawili, na hakuna ufundi wa kulipita jambo hilo.

Kijana aliniuliza: "Mwalimu, basi mchezo wenyewe ni dhambi?" Nilimwonyesha Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, chini ya amri ya tano. Hapo tamaa ya mwendo imewekwa sambamba na ulevi, na uzito wa kosa uko katika kuhatarisha uhai wako na wa wengine. Namba hiyo haisemi kwamba saa na uwanja ni dhambi. Inawahusu zaidi, mwanangu, wale wa pikipiki wanaoshindana barabarani siku ya soko, mbele ya wauza mihogo, ambao hakuna mtu aliyewaitia mkutano. Dereva wa otokrosi huenda peke yake, mahali palipofungwa, na akikosea huangusha koni.

Alikaa kimya siku tatu. Kisha akarudisha kiti cha nyuma alichokuwa amekwisha kukifungua, bolti zote, na usiku wa Jumatano alibishiwa hodi. Sikumwambia neno, wala nawaombeni msimsifu mno, kwa maana amekiacha kitu alichokipenda na bado kinamuuma. Ndiyo sababu sikubaliani na wale wa kikundi wanaosema mambo yameisha vizuri na fedha za matofali zirudi kwenye sanduku.

Nyuma ya garaji kuna bodi nyingine ya RAV4, haina injini wala vioo, lakini vizingiti vyake ni vizima. Wameanza kuipima. Bei ya mabomba imeulizwa Bunia, na ni kubwa. Mtunza hazina hajafungua mkoba, naye ana haki ya kutaka hesabu kwanza. Uwanja nao unatafutwa, ulio mbali na nyumba na njia ya watoto wa shule. Kuku walikuwa wakitaga ndani ya bodi hiyo. Jumamosi iliyopita waliwahamisha.