Land Rover Iliyowasha Taa za Mbele kwa Breki

Mwaka 1985 mtu angeweza kuzaliwa, kuoa na kuzikwa kwetu Ekalakala, Kenya, bila kuwahi kubonyeza swichi ya taa nyumbani kwake. Na Bwawa la Masinga lilikuwa pale pale jirani, lilikamilika 1981, na mitambo yake ina uwezo wa megawati 40. Umeme huo ulipanda kwenye minara ya chuma ukaenda zake mbali. Sisi tuliendelea na koroboi. Umeme pekee tulioujua kwa kuushika ulikuwa ule wa volti 12, wa betri ya gari.

Aliyenifundisha umeme huo hakuwa na cheti. Wakati bwawa likijengwa alikuwa kibarua wa kuwabebea mafundi nyaya, na kazi ilipoisha akarudi nyumbani na plaiya mbili na maringo. Watu walimwita Fundi wa Waya, kumtofautisha na fundi wa injini waliyegawana naye kivuli cha mti mmoja hapo sokoni, mtu aliyeamini kwamba kazi isiyochafua mikono hadi kwenye kiwiko si kazi. Mimi nilikuwa nimefanya CPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, 1983, na ukame wa 1984 ukamaliza ng'ombe ambao wangelipa karo. Mwaka ule wa njaa, wa mahindi ya njano, baba alinipeleka kwa Fundi ili nipate walau pa kula mchana.

Chombo chake kikuu kilikuwa taa ya kupimia aliyoiunda mwenyewe: balbu ya indiketa, nyaya mbili zilizochomelewa kwa risasi, mmoja ukiishia kwenye klipu na mwingine kwenye sindano ya cherehani. Klipu inakamata chuma cha gari, sindano inatoboa ganda la waya. Balbu ikiwaka, umeme umefika hapo. Isipowaka, rudi nyuma. Magari ya Kiingereza aliyapenda kwa sababu rangi za nyaya zake zilikuwa na mpango, na alinikaririsha kama mtoto wa madrasa: kahawia unatoka kwenye betri moja kwa moja, mweupe unapata umeme ukiwasha ufunguo, kijani umeshapita kwenye fyuzi, wa buluu ni wa taa kubwa, mwekundu wa taa ndogo, na mweusi unarudi kwenye bodi. Tatizo ni kwamba gari la zamani huwa limepitia mikono mingi, na kila mkono una waya wake. Nimewahi kukuta waya wa simu ukiendesha honi.

Ile Land Rover ilikuwa ya mfanyabiashara wa hapo sokoni, ndefu, ya mwaka 1969, nayo ilikuwa imebeba mahindi na maji kipindi chote cha njaa. Kabla ya kuletwa kwetu ilikuwa imepelekwa mjini chasisi ikachomelewe, maana kutu ilishaila sehemu ya nyuma. Iliporudi, ikawa na vituko. Dereva akikanyaga breki mchana kweupe, zile taa ndogo za mbele zinawaka, hafifu, za rangi ya chai ya maziwa. Taa za dashibodi nazo zinawaka. Nyuma, penye breki yenyewe, unaona wekundu wa kuzimia tu. Usiku ukiwasha taa ndogo, nyuma hakuna kitu kabisa, na hilo ndilo lililomtia hofu mwenye gari, kwa sababu malori ya barabara ya Garissa hayasubiri mtu.

Mjini walikuwa wameshabadilisha swichi ya breki, balbu zote, na swichi ya taa. Walipoona mambo ni yale yale wakamwambia mwenye gari aweke nyaya mpya gari zima. Dereva kwa upande wake alikuwa na maelezo yake: gari lilibeba maiti kutoka Thika bila kuoshwa, na sasa lina uoi, yaani uchawi. Alisema hivyo mbele ya mwenye gari, bila haya.

Fundi hakugusa kitu kwanza. Alimwambia dereva akanyage breki, aachie, akanyage, huku yeye akizunguka gari na mikono mgongoni. Kisha akaniuliza, "Mwanake," yaani kijana, "umeme umefika nyuma au haujafika?" Nikachoma sindano kwenye waya wa breki, klipu nikaikamatisha kwenye chuma safi cha chasisi. Balbu ikawaka vizuri. Nikasema umefika. "Basi wote waliobadilisha swichi walikuwa wakitafuta kisichopotea. Umefika. Sasa unarudi kwa njia gani?"

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho mpaka leo nawaona mafundi wenye kompyuta za kupimia wakikisahau. Balbu ya nyuma ina nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja: uzi mnene wa breki, wati 21, na mwembamba wa taa ndogo, wati 5. Nyuzi zote mbili zinarudisha umeme kupitia kitako kimoja cha balbu, halafu ule waya mweusi, halafu chasisi. Ukikatika mweusi, umeme wa breki haukai ukasubiri. Unapanda uzi mwembamba kinyumenyume, unaingia waya mwekundu, unakimbia hadi mbele ya gari, unapita kwenye taa ndogo za mbele na za dashibodi, na huko ndiko unakopata chuma cha kushukia. Umechoka kwa kupita kwenye balbu nyingi, ndiyo maana kila moja inang'aa kwa unyonge. Na usiku, taa ndogo zikishawashwa, waya mwekundu nao una umeme wake kutoka mbele. Hata ukikanyaga breki, pande zote mbili zinasukuma, hakuna pa kutokea, nyuma kunakuwa giza.

Akachukua waya mrefu, ncha moja akaifunga kwenye nguzo ya hasi ya betri, akauburuta juu ya ardhi hadi nyuma, ncha ya pili akaigusisha kwenye kitako cha holda. "Kanyaga." Breki zikawaka nyekundu hasa. Taa za mbele kimya. Akaondoa waya: vituko vikarudi. Akaugusisha tena, mara hii akimwangalia dereva.

Kosa lenyewe lilikuwa chini, nyuma, kwenye boliti moja. Waliochomelea chasisi waliipaka rangi nyeusi nzito, wakaipaka vizuri, pengine vizuri kupita kiasi, kisha wakaifunga pete ya waya mweusi juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Katika gari lenye bodi ya chuma, taa ingeweza kujitafutia njia nyingine, lakini bodi ya Land Rover ni ya alumini, na panapokutana alumini na chuma pale kwetu, baada ya miaka ya vumbi na matope, hufanya unga mweupe ambao nao ni kizuizi. Nikalala chini ya gari na tupa, nikakwangua hadi chuma kikaonekana cheupe, nikaipiga pete msasa, tukafunga boliti mpya yenye washa ya meno, tukapaka grisi juu. Fundi akaongeza waya wa pili kutoka chasisi hadi kwenye injini, kwa sababu hakuwaamini waliochomelea.

Mwenye gari alilipa bila kubishana, na kuanzia hapo magari yake yote yalikuja kwetu. Dereva hakushawishika. Jumapili iliyotangulia alikuwa amewaomba wazee wa kanisa waiombee ile Land Rover, nao waliiwekea mikono kwenye boneti, kwa hiyo yeye alihesabu kwamba sisi tulikuja kukwangua rangi baada ya kazi kwisha. Fundi alimjibu kwamba wakija tena awaonyeshe boliti, waweke mikono huko.