Visiwa vya Shelisheli, Jirani Zetu wa Mashariki

Kila mtu aliyepata kukaa pwani yetu aujua mshelisheli, mti wenye majani mapana na matunda makubwa ya kijani, ambayo watu huyapika kwa tui au kuyakaanga kama viazi. Lakini ni wachache wanaokumbuka ya kwamba jina la tunda hilo na jina la nchi moja jirani ni jina lile lile. Nchi hiyo ni Visiwa vya Shelisheli, iliyo katika bahari yetu, zaidi ya maili 1,000 mashariki ya Mombasa. Mimi nilifika huko katika likizo yangu ya mwaka, na napenda kuwaeleza wasomaji niliyoyaona, kwa kuwa mambo mengi ya huko yatuhusu sisi.

Visiwa hivyo ni 115, navyo vyote pamoja ni maili za mraba 175 tu, yaani havifiki theluthi ya kisiwa cha Unguja. Wenyeji wake ni laki moja na ushei. Lakini bahari waimilikiyo ni kubwa kuliko nchi ya Kenya zaidi ya mara mbili, na kwa hiyo bahari ndiyo shamba lao. Kisiwa kikubwa ni Mahé, ambacho urefu wake ni maili 17, na mlima wake mrefu wafikia karibu futi 3,000. Mkulima wa kwetu akitazama miteremko ile ya mawe atauliza watu hula nini. Zamani walipata fedha zao kwa mbata, mdalasini na vanila. Leo hupata zaidi kwa wageni na kwa jodari, ambao hutiwa katika mikebe mjini Victoria. Mchele wote hutoka ng'ambo, na ndiyo sababu vitu ni ghali sana. Msafiri na ajipime mfuko wake kwanza.

Zamani hapakuwa na njia ila meli. Kiwanja cha ndege kilifunguliwa mwaka 1971, na siku hizi mtu huondoka Nairobi akafika baada ya saa tatu hivi. Viza haitakiwi, lakini sharti kuomba kibali cha kuingia kabla ya kuondoka, na kuonyesha mahali utakapolala na tikiti ya kurudia. Usisahau cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Saa za huko zimetangulia za kwetu kwa saa moja. Fedha yao ni rupia, jina walilolitumia babu zetu hapa Kenya mpaka mwaka 1920. Majira yao ni yale yale ya mabaharia wetu: kusi huvuma toka Mei hata Oktoba, na kukawa kukavu, kaskazi huleta mvua.

Mji wa Victoria ni mdogo; mtu aweza kuuzunguka wote kwa miguu kabla ya jua kuwa kali. Katikati upo mnara wa saa uliosimamishwa mwaka 1903, mwaka ule visiwa vilipotengwa na Mauritius vikawa koloni peke yake. Wafaransa ndio waliotangulia kukaa huko mwaka 1770, Waingereza wakavishika baada yao, na uhuru ulipatikana tarehe 29 Juni, 1976. Kwa hiyo watu husema Kiingereza na Kifaransa, lakini lugha ya nyumbani ni Kikrioli.

Kwa mashua ya saa moja hivi mtu hufika kisiwa cha Praslin. Huko, katika bonde liitwalo Vallée de Mai, huota mnazi ambao mbegu yake ni nzito kuliko mbegu za miti yote duniani. Huweza kupita ratili 40. Tunda lake hukaa juu ya mti miaka sita au saba kabla ya kuiva. Kabla mti huo haujajulikana, vifuu vyake vilivyochukuliwa na maji vilionekana pwani za mbali, na watu wakadhani ya kwamba mti wake waota chini ya bahari. Hata leo huitwa nazi ya bahari. Ni marufuku kuiondoa nchini bila hati ya serikali.

Lakini lililonigusa zaidi si bonde wala pwani, bali ni watu. Sokoni Victoria nilikuta mzee mmoja akiuza mashelisheli. Aliponiuliza natoka wapi, nikamjibu natoka Kenya, aliuweka kisu chake chini akaniambia, "Basi wewe u ndugu yangu. Bibi wa bibi yangu alitoka huko kwenu, lakini kijiji chake hakuna akijuaye." Nikakosa jibu.

Maneno ya mzee yule yana asili yake. Watumwa wa kwanza waliletwa na Wafaransa, wakaachwa huru mwaka 1835. Halafu, tangu mwaka 1861, manowari za Kiingereza zilizokuwa zikikamata majahazi ya watumwa katika bahari yetu ziliwateremsha huko watu zaidi ya 2,000. Wengi walikuwa watoto. Hawakurudishwa kwao kwa hofu ya kukamatwa tena, bali waliwekwa kazini katika mashamba ya minazi. Juu ya mlima wa Mahé, mahali paitwapo Sans Souci, pangali na kuta za shule waliyosomeshwa baadhi ya watoto hao. Shule hiyo ilikuwa ya misheni ile ile iliyoanzisha Freretown, Mombasa, ambako kengele yake yajulikana na kila apitaye Kengeleni. Nami niliyesomeshwa na misheni nilisimama pale kitambo, nikafikiri ya kwamba mtoto mmoja alishushwa Mombasa na nduguye akashushwa Mahé, wasionane tena.

Hata wafalme walipelekwa huko. Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro walikamatwa mwaka 1899, kisha wakahamishiwa Shelisheli. Walimkuta huko au walifuatana na wengine walioondolewa makwao, kama Prempeh, mfalme wa Ashanti. Sayyid Khalid bin Barghash wa Unguja naye alipelekwa huko baada ya kukamatwa, na baadaye akafa Mombasa mwaka 1927. Mwanga alifia visiwani mwaka 1903, na mifupa yake ikarudishwa kwao mwaka 1910. Kabalega alipewa ruhusa ya kurudi mwaka 1923, akiwa mzee. Akafika Jinja, na hapo akafa, hali Bunyoro hajaiona.

Nilipokwenda kumwaga yule mzee wa sokoni, alinipa shelisheli moja, akakataa rupia zangu. Akasema wenyeji huamini ya kwamba mgeni aliyekula tunda hilo Shelisheli hana budi atarudi. Nilicheka, nikalipokea kwa mikono miwili. Lakini ndani ya ndege nilimkumbuka Kabalega, aliyekula tunda hilo zaidi ya miaka ishirini, na hakuna alilolitamani ila kurudi Bunyoro.

Basi, ndugu msomaji, ukijaliwa nauli, nenda ukavione visiwa hivyo. Oga baharini, ule pweza wa nazi, ukatazame na bonde la Praslin. Lakini panda na Sans Souci, na ukiulizwa watoka wapi, jibu kwa heshima; huenda akuulizaye anamtafuta ndugu.