Siku ya Kwanza Kuala Lumpur

Tulisafiri watatu: mume, mke na mama mzazi. Tulipotua katika uwanja wa ndege wa Kuala Lumpur, ulioko Sepang, kusini mwa jiji, saa zetu zilikuwa nyuma kwa saa tano, na wasiwasi wetu ulikuwa mmoja. Mama, aliyezoea kusikia adhana akiwa uani kwake, aliuliza, "Wanangu, huku tutaswali wapi?"

Jibu lilikuwa ukutani. Kibao kilielekeza "surau", yaani chumba cha kuswalia. Kila mmoja aliingia upande wake. Mama alipotoka alikaa kimya kitambo, kisha akatueleza: wanawake wana mabomba yao ya kutawadhia, zulia safi, na mavazi meupe ya swala, waitayo telekung, yametundikwa kwa ajili ya msafiri asiye na lake.

Alfajiri iliyofuata imamu alisoma qunuti katika rakaa ya pili, nasi tukajiona tuko nyumbani, kwani Waislamu wa Malaysia, kama wengi wa pwani yetu, hufuata madhehebu ya Imamu Shafii. Kilichotushangaza ni jua. Saa moja asubuhi ndiyo kwanza linachomoza, maana tangu 1982 saa za rasi hii zililinganishwa na za Sabah na Sarawak, zilizo mbali mashariki.

Asubuhi tuliandaliwa nasi lemak: wali wa nazi, dagaa wa kukaanga, karanga, yai na pilipili. Mama akacheka, "Kumbe nazi nayo imesafiri!" Muuzaji alipomsalimia, "Apa khabar?", alijibu "Nzuri" kabla hatujamfasiria. Lugha hizi mbili zimenywa kisima kimoja cha Kiarabu: wao husema dunia, hakim, sabun na kertas, sisi dunia, hakimu, sabuni na karatasi.

Adhuhuri tulikwenda Masjid Jamek, uliofunguliwa mwaka 1909 mahali inapokutana mito ya Klang na Gombak. Wanawake waliingia kwa makundi, wengine wakiwa na mavazi ya kazini, wakaswali na kurejea katika shughuli zao. Tulipoketi kivulini, mama alisema kwa upole, "Mwanangu, wewe ndiye katibu wa msikiti wetu. Mahali petu pa kutawadhia mmepajadili miaka mingapi?"

Hatukuwa na jibu. Daftari la mihtasari liko mikononi mwetu, na mbele ya jambo hilo tumeandika "limeahirishwa" mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri. Kila mara sababu ilikuwa fedha, ilhali katika vikao hivyo hivyo tulipitisha vipaza sauti vipya na rangi ya mnara.

Ndugu msomaji, tumekwisharejea. Maghorofa ya Kuala Lumpur yanaanza kufifia akilini, lakini swali la mama halijafifia. Katika ajenda ya kikao kijacho, jambo la kwanza tumeliandika kwa mkono wetu. Mwenyezi Mungu atuwafikishe lisiahirishwe tena.